Pesa ulizomrudishia mteja: Jinsi ya kuzihesabu unapotangaza mapato ya biashara ya mtandaoni

Tuseme kuna mama anayesuka viondo karibu na mji wa Machakos. Anapiga picha kwa simu, anaziweka kwenye WhatsApp na Facebook, na wateja wa Nairobi, Nakuru na Mombasa wanamlipa kwa M-PESA. Yeye hupeleka mzigo kwenye ofisi ya matatu, na mteja anaupokea siku hiyo hiyo au kesho yake.

Mteja mmoja analipa shilingi 2,500. Kiondo kinafika, lakini rangi si ile aliyoiona kwenye picha. Anakirudisha, na mama anamtumia shilingi 2,500 zake. Biashara imeishia hapo, bila ya mtu kudaiwa.

Tarehe 20 ya mwezi unaofuata inapokaribia, mama anachukua taarifa ya malipo yake ili atangaze mauzo kwa Mamlaka ya Ushuru ya Kenya, KRA. Zile 2,500 zimo kwenye orodha ya pesa zilizoingia. Je, azilipie ushuru? Na akiziondoa, ataonyesha nini siku akiulizwa?

Swali hili linawakuta wengi wanaouza kwa simu: wauza asali, nguo za mitumba, vifaranga, mbegu na shanga. Makala haya yanaeleza hatua kwa hatua. Kwa kuwa neno "marejesho" hutumiwa kwa mambo mawili, hapa tutasema "pesa zilizorudishwa" kwa maana ya fedha alizopewa mteja, na "ritani" kwa maana ya taarifa unayoipeleka KRA.

Kanuni ya msingi

Ushuru wa biashara unatozwa kwa mauzo au kwa faida. Pesa ulizopokea kisha ukazirudisha kwa sababu mauzo yamevunjika hazikubaki kuwa mauzo yako. Kwa hiyo hupaswi kuzilipia ushuru kana kwamba bado unazo.

Lakini kanuni hii ina upande wa pili. Anayepunguza mauzo ndiye mwenye jukumu la kuonyesha kwamba mauzo yalivunjika kweli. Pesa zilizoingia zinaacha alama kwenye simu, na ankara uliyotoa inaonekana kwenye mtambo wa KRA. Ikiwa ankara inasema 2,500 na ritani yako haina hizo 2,500, lazima kuwe na karatasi inayounganisha mambo hayo mawili.

Kwanza jua uko kwenye ushuru upi

Viwango vifuatavyo ndivyo vilivyoanza kutumika Julai 1, 2023, baada ya Sheria ya Fedha ya mwaka huo.

Mauzo yasiyozidi shilingi milioni 1 kwa mwaka: hulipi ushuru wa mauzo, ule unaojulikana kama TOT. Hata hivyo, ikiwa PIN yako ina wajibu wa ushuru wa mapato, bado unatakiwa kuwasilisha ritani ya mwaka kabla ya Juni 30 kupita, na faida ya biashara inaingia humo.

Mauzo yanayozidi milioni 1 lakini yasiyozidi milioni 25 kwa mwaka: hapa ndipo penye TOT. Kiwango ni asilimia 3 ya mauzo ya mwezi. Ritani na malipo yanatakiwa kufikia tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Huruhusiwi kutoa gharama kama nauli, vifungashio au ada za simu. Mfanyabiashara asiyetaka utaratibu huu anaweza kumwandikia Kamishna wa Ushuru akiomba atozwe kwa faida.

Mauzo yanayozidi milioni 25: unatozwa ushuru wa mapato wa kawaida, yaani kwa faida baada ya kutoa gharama zinazokubalika.

Pia kuna ushuru wa thamani ya ziada, VAT, wa asilimia 16. Ukiuza bidhaa zinazotozwa VAT zenye thamani ya shilingi milioni 5 au zaidi kwa mwaka, unatakiwa kujisajili.

Hapa kuna jambo wengi wanalokosea. Husikia kwamba kwenye TOT "hakuna kutoa kitu", wakadhani hata pesa zilizorudishwa haziondolewi. Kisichotolewa ni gharama. Kiondo kilichorudishwa si gharama. Ni mauzo yaliyofutika. Nauli uliyolipa ili kiondo kirudi Machakos ndiyo gharama, na kwenye TOT hiyo huihesabu.

Kurudisha pesa si kwa namna moja

1. Mteja amerudisha bidhaa na amepewa pesa zote. Mauzo yote ya bidhaa hiyo yanafutwa. Bidhaa inarudi kwenye akiba yako ya kuuza.

2. Mteja amebaki na bidhaa, umemrudishia sehemu. Kiondo kina mkanda mfupi, mkakubaliana umrudishie shilingi 500. Mauzo hayafutiki, yanapungua kutoka 2,500 hadi 2,000.

3. Mmebadilishana bidhaa. Amerudisha chekundu, umempa cheusi cha bei ile ile. Hakuna pesa iliyotoka, kwa hiyo mauzo yanabaki 2,500. Ikiwa cha pili ni cha 3,000 na ameongeza 500, mauzo yanakuwa 3,000.

4. Agizo limevunjwa kabla mzigo haujatoka. Mteja alitanguliza 1,000, kisha akaghairi, ukamrudishia. Hakuna kilichouzwa. Kama ulikuwa umeshatoa ankara, ifute kwa hati tutakayoieleza chini. Kama hukutoa, andika tu kwenye daftari pesa ilivyoingia na ilivyotoka. Lakini ukikubaliana na mteja kwamba unabaki na 200 za usumbufu, hizo 200 ni pato lako.

5. Umerudisha pesa na bidhaa imepotea au imevunjika. Chupa ya asali imepasuka njiani, umemrudishia mteja. Mauzo yanafutwa. Hasara ya asali yenyewe ni jambo jingine: anayetozwa kwa faida anaweza kuiingiza kwenye hesabu za gharama, anayelipa TOT hawezi.

6. Umerudisha bei ya bidhaa lakini si pesa za kutuma mzigo. Mteja alilipa 2,800, yaani 2,500 za kiondo na 300 za usafirishaji. Umemrudishia 2,500. Mauzo yaliyofutwa ni 2,500, na zile 300 zinabaki kwenye hesabu ya pesa ulizopokea.

Hesabu ya mwezi mmoja

Turudi kwa mama wa Machakos. Mwezi wa Machi simu yake inaonyesha shilingi 158,000 zimeingia kwenye nambari anayolipiwa. Akikaa na daftari anapata hivi:

Pesa zisizo za biashara (zamu yake ya chama 10,000, na 8,000 alizotumiwa na mwanawe): 18,000.
Pesa kutoka kwa wateja: 140,000.

Kati ya hizo za wateja, alirudisha:
Viondo vitatu vilivyorudishwa, 2,500 kila kimoja: 7,500.
Punguzo kwa wateja watatu waliobaki na bidhaa, 500 kila mmoja: 1,500.
Maagizo yaliyovunjwa kabla ya kutumwa: 3,000.
Jumla aliyorudisha: 12,000.

Mauzo ya Machi: 140,000 kutoa 12,000, yanabaki 128,000.
Ushuru: asilimia 3 ya 128,000 ni shilingi 3,840.

Kama angenakili jumla ya simu bila kuichambua, angelipa asilimia 3 ya 158,000, yaani 4,740. Hizo ni shilingi 900 zaidi kwa mwezi mmoja. Mwaka mzima wa miezi kama huo ni shilingi 10,800, pesa za kununulia sisali ya viondo vingi.

Njia rahisi ya kuepuka mchanganyiko huu ni kutenga nambari moja ya kupokelea malipo ya biashara tu. Pesa za chama, za watoto na za matanga zipitie nambari nyingine.

Hati ya kufuta ankara kwenye eTIMS

Siku hizi wafanyabiashara wanatakiwa kutoa ankara za kielektroniki kupitia mtambo wa KRA unaoitwa eTIMS. Mwenye simu ya kawaida isiyo na intaneti anaweza kuufikia kwa kupiga *222#. Mwenye simu janja au kompyuta anatumia tovuti au programu ya simu.

Ankara ikishatolewa, huwezi kuifuta kama ujumbe wa WhatsApp. Inabaki kwenye mtambo. Kinachoiondoa au kuipunguza ni hati nyingine inayoitwa krediti noti. Fikiria ankara ni maneno "nimeuza", na krediti noti ni maneno "mauzo yale yamevunjika, au yamepungua kwa kiasi hiki".

Zingatia mambo manne:

Krediti noti lazima itaje ankara ya mwanzo. Kwa hiyo hifadhi nambari ya kila ankara.

Kiasi kilingane na pesa ulizorudisha. Kama umerudisha 500 kati ya 2,500, krediti noti iwe ya 500.

Sababu iwe ya kweli na fupi: bidhaa imerudishwa, bei imepunguzwa, agizo limevunjwa.

Itoe mapema. Kwa waliosajiliwa VAT, sheria inatoa muda wa miezi sita tangu ankara ilipotolewa. Hata kama hujasajiliwa VAT, kawaida nzuri ni kuitoa siku ile ile unayorudisha pesa.

Kwa mwenye VAT, kuchelewa kuna maumivu zaidi. Ukiuza kitu kwa shilingi 5,800, ndani yake 5,000 ni bei na 800 ni VAT. Mteja akirudisha bidhaa ukampa 5,800 zake bila kutoa krediti noti, KRA bado inakudai zile 800 ambazo huna tena.

Ukikwama, nenda kwenye Huduma Centre ya kaunti yako au ofisi ya KRA iliyo karibu, ukiwa na kitambulisho, PIN na nambari ya ankara.

Mauzo ya mwezi mmoja, kurudi mwezi mwingine

Umeuza Machi 28, mzigo umerudishwa Aprili 4. Uingize wapi?

Mauzo ya Machi yalikuwa ya kweli siku yalipofanyika, kwa hiyo yanabaki Machi. Kilichotokea Aprili kinaandikwa Aprili: krediti noti inakuwa na tarehe ya Aprili, na inapunguza mauzo ya Aprili. Huna haja ya kufungua upya ritani ya Machi kwa sababu ya kiondo kimoja. Kilicho muhimu ni kwamba kiasi hicho kipunguzwe mara moja tu. Ukipunguza Machi kwa kalamu na Aprili kwa krediti noti, umepunguza mara mbili.

Mwisho wa mwaka unahitaji uangalifu zaidi, maana mwaka wa ushuru wa mtu binafsi unaanzia Januari hadi Desemba. Watu hununua sana wakati wa Krismasi na kurudisha bidhaa Januari. Andika tarehe zote mbili waziwazi, ya kuuza na ya kurudisha. Kama kiasi ni kikubwa kiasi cha kubadilisha hesabu ya mwaka mzima, uliza ofisi ya KRA kabla ya kuwasilisha ritani.

Unapouza kupitia soko la mtandaoni

Wengine hawauzi moja kwa moja. Wanaweka bidhaa kwenye soko la mtandaoni, na kampuni inapokea pesa, inakata ada yake, inarudishia wateja wasioridhika, kisha inakutumia kilichobaki.

Tuseme mwezi huu bidhaa zako ziliuzwa kwa 40,000. Wateja walirudishiwa 3,000. Kampuni ilikata ada ya 4,000. Ulitumiwa 33,000.

Mauzo yako ni yapi? Si 33,000 zilizoingia kwenye simu, kwa sababu ada ya kampuni ni gharama, na gharama haipunguzi mauzo. Si 40,000 pia, kwa sababu 3,000 zilirudi kwa wateja. Mauzo ni 37,000. Kwa anayelipa TOT, ushuru ni shilingi 1,110. Anayetozwa kwa faida ataanza na 37,000, kisha atoe ile 4,000 pamoja na gharama nyingine zenye ushahidi.

Kwa hiyo usitegemee ujumbe wa malipo peke yake. Fungua akaunti yako ya muuzaji, pakua taarifa ya mwezi inayoonyesha mauzo, pesa zilizorudishwa na ada, kila kimoja kwa safu yake.

Daftari linalotosha

Huhitaji mhasibu kwa biashara ndogo. Sheria ya taratibu za ushuru inakubali kumbukumbu ziandikwe kwa lugha yoyote ya lugha rasmi za nchi, yaani Kiswahili au Kiingereza. Inataka pia zihifadhiwe kwa miaka mitano. Daftari la kurasa nyingi lenye safu hizi linatosha:

Tarehe ya kuuza.
Bidhaa na bei.
Nambari ya ankara.
Msimbo wa M-PESA ulioingia.
Tarehe ya kurudisha pesa.
Kiasi kilichorudishwa na sababu.
Msimbo wa M-PESA uliotoka.
Nambari ya krediti noti.

Msimbo wa M-PESA ni zile herufi na tarakimu kumi zilizo mwanzoni mwa ujumbe. Uandike kwa kalamu, kwa sababu simu huibwa, huanguka majini, na ujumbe hufutika. Piga picha mazungumzo ya WhatsApp ambapo mteja anasema anarudisha bidhaa. Hifadhi risiti ya ofisi ya mizigo iliyorudisha kifurushi. Kila mwisho wa mwezi omba taarifa ya M-PESA na uiweke kwenye baruapepe.

Na rudisha pesa kwa nambari ile ile iliyolipa. Mteja akisema "nitumie kwa nambari ya shemeji", unganisho kati ya pesa iliyoingia na iliyotoka linakatika, na kesho huyo huyo anaweza kudai hajalipwa.

Tahadhari kuhusu matapeli

Kuna wanaotuma ujumbe wa uongo wa M-PESA, kisha wanapiga simu: "Mama, nimekutumia 5,200 badala ya 2,500, nirudishie iliyozidi." Kabla ya kutuma chochote, angalia salio lako na taarifa ya malipo, si ujumbe tu. Ukiona pesa haikuingia, hakuna cha kurudisha.

Kwa ushuru pia jambo hili lina maana. Pesa uliyomtumia tapeli si mauzo yaliyofutika, kwa sababu hapakuwa na mauzo. Huwezi kuiondoa kwenye mauzo ya wateja wa kweli. Ni hasara. Piga ripoti polisi na kwa kampuni ya simu.

Makosa yanayogharimu

Kutangaza jumla yote iliyoingia kwenye simu. Unalipa ushuru wa pesa za chama na za wateja uliowarudishia.

Kupunguza bila ushahidi. KRA ikikataa punguzo, utadaiwa ushuru uliobaki, adhabu ya asilimia 5 ya kiasi kilichochelewa, na riba ya asilimia 1 kwa kila mwezi.

Kuhesabu mara mbili. Anayetozwa kwa faida akishapunguza mauzo kwa 2,500 zilizorudishwa, asiziandike tena kama gharama. Na kiondo kilichorudi kikiwa kizima kihesabiwe kwenye bidhaa zilizobaki mwisho wa mwaka.

Kubuni pesa zilizorudishwa. Kumtumia ndugu pesa na kuita "mteja amerudisha" ni udanganyifu wa ushuru, na hilo ni kosa la jinai.

Kunyamaza mwezi usio na mauzo. Hata kama wateja wote walirudisha bidhaa, ritani bado inatakiwa kufikia tarehe 20.

Kwa kifupi

Tenga nambari ya biashara. Toa ankara kwa kila mauzo. Ukirudisha pesa, irudishe kwa nambari iliyolipa, toa krediti noti siku hiyo, na uandike misimbo yote miwili kwenye mstari mmoja wa daftari. Mwisho wa mwezi jumlisha mauzo, toa zilizorudishwa, na utangaze kilichobaki.

Kila mwaka Bunge hujadili Mswada wa Fedha, na mabadiliko mengi huanza Julai 1. Kabla ya mwezi huo wa Julai kwisha, hakikisha asilimia na mipaka uliyoizoea haijabadilika. Viwango vinaweza kubadilika, lakini daftari lenye tarehe, kiasi, sababu na misimbo litakufaa chini ya sheria yoyote.